Ndugu Yetu wa Shaba

Povu la kwanza lilimwangukia Medet begani, la pili likatua kwenye nywele alizozichana asubuhi ile kwa dakika ishirini nzima. Alikuwa amevaa suti nyeupe, tai ya buluu na viatu vya kung'aa. Nyuma yake walisimama bibi harusi, bwana harusi, wasimamizi sita, mpiga picha na ndugu wasiopungua thelathini, wote wamekuja kupiga picha mbele ya sanamu ya Amangeldi, shujaa wa zamani wa Wakazaki, juu ya farasi wake. Misafara mingine mitatu ya harusi ilikuwa ikisubiri zamu barabarani, honi zikilia, vumbi na harufu ya manukato vimechanganyika hewani.

"Nani huko juu?" Medet alifoka.

Nyuma ya mgongo wa shujaa kikachungulia kichwa kilichofungwa kitambaa chekundu. Msichana alikuwa ameketi juu ya kiuno cha farasi wa shaba, miguu inaning'inia, ovaroli la buluu limelowa mpaka magotini, brashi mkononi.

"Ni mimi. Na huko chini ni nani?"

"Mimi ndiye mshereheshaji wa harusi hii! Umenimwagia maji machafu!"

"Si machafu, kaka. Ni sabuni. Hapo ndipo umetakata."

Ndugu thelathini wakaangua kicheko. Medet alikuwa akila kwa kuwachekesha watu, na hakuzoea kuchekwa yeye.

"Shuka basi, dada yangu. Bibi harusi anataka picha."

"Nikishuka sasa sabuni itakaukia kwenye shaba iache madoa. Nina wiki mbili namsafisha mzee huyu. Nipe dakika kumi nimsuuze."

"Dakika kumi! Unataka bibi harusi aote mvi?"

"Aliyevumilia kutafuta bwana mpaka leo atashindwa na dakika kumi?"

Bibi harusi mwenyewe alicheka mpaka akashikilia shela. "Mwache amalize, kaka Medet. Mimi nataka picha na shujaa aliyeoga."

Basi wakasubiri. Msichana alishika mpira wa maji, akamsuuza farasi kuanzia masikio hadi mkia, jua la Septemba likamulika shaba ikawaka kama sufuria jipya. Aliposhuka ngazi za jukwaa la mafundi na kufungua kile kitambaa, nywele ndefu nyeusi zikamwagika mgongoni. Alikuwa na mashavu mapana, macho ya kuchokoza na tone la povu kwenye ncha ya pua. Medet alisahau suti yake.

"Nipe namba ya simu," akasema. "Nitakutumia bili ya dobi."

"Andika. Naitwa Kamshat."

Bili haikutumwa. Jioni ile ile, saa moja kasorobo, simu ya Kamshat iliita.

"Umesharudi nyumbani?"

"Nani mwenzangu?"

"Mtu uliyemsafisha."

"Nimesafisha wengi leo. Kuna na farasi."

"Mimi ndiye nisiyesimama kimya."

Kuanzia hapo simu haikupoa. Medet, mwenye miaka thelathini na mmoja, alikuwa akizunguka kumbi za Almaty kila mwisho wa wiki kuongoza harusi za wenzake. Mjini walisema yeye akishika kipaza sauti, hata mawifi waliogombana hucheza pamoja. Kamshat, mwenye ishirini na nane, alikuwa fundi wa kukarabati sanamu. Alimaliza chuo, akafanya kazi ya mawe miaka mitatu, kisha akaingia kwenye shaba akasema hatoki. Aliishi na baba yake, mzee Zholdas, dereva mstaafu wa tramu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyonukia matufaha kuanzia Agosti hadi baridi inapoingia.

"Unakula nini?" Medet angeuliza simuni.

"Sambusa."

"Ya nyama?"

"Ya boga."

"Masikini roho yangu! Nikuletee nyama?"

"Tangu lini mimi nikawa roho yako?"

"Tangu povu la pili. Lile la kwanza nilikasirika."

Alimletea nyama kweli, akiwa na chupa ya chai ya maziwa kwapani, wakala wamekaa kwenye ngazi za itale chini ya sanamu huku majani ya miti ya mipopla yakiwadondokea. Kamshat alimfundisha tofauti ya kutu mbaya inayokula shaba na ile rangi ya kijani inayoilinda. Medet alimfundisha namna ya kumnyamazisha mlevi ukumbini bila kumvunjia heshima. Mwezi mmoja ulipotimia hakuna aliyekuwa akificha. Medet alisema, "Mama anataka kukuona," na Kamshat akaenda kununua gauni.

Lilikuwa gauni la mahameli ya kijani, lenye mikono mirefu na kola iliyodariziwa uzi wa fedha. Mama yake Medet alimtazama kuanzia kola mpaka soksi, akaridhika. Alikuwa Mwalimu Rabiga, mjane, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minne, na mtaa mzima bado ulimwita Mwalimu. Juu ya meza kulikuwa na maandazi ya moto, soseji ya nyama ya farasi iliyokatwa vipande vyembamba, jamu ya tufaha na zabibu kavu. Akamimina chai nusu kikombe, kama anavyomiminiwa mgeni ambaye hutaki aondoke upesi.

"Kula, binti yangu. Umekonda kwa kupanda mafarasi."

"Asante, Mwalimu."

"Na watu wenu ni wa wapi?"

"Asili yetu ni Torgai, kule nyikani. Babu yangu aliletwa Almaty mtoto mdogo, miaka ile ya njaa, akalelewa katika nyumba ya mayatima."

Mwalimu Rabiga akaweka birika chini. "Na sisi ni wa Torgai. Ukoo gani?"

"Ukoo hakuujua, alikuwa na miaka minne. Hata jina alipewa na nesi. Alimwita Tursyn, yaani abaki hai." Kamshat alitabasamu, maana hadithi hii aliipenda. "Ila sanamu ya Amangeldi iliposimamishwa, alimfanya ndugu yake. Kila mwaka alivaa koti lake zuri, akaenda kusimama mbele ya farasi na kusema, 'Salaam, ndugu yangu wa damu.' Baba naye alinipeleka nikiwa mdogo. 'Msalimie babu yako Amangeldi.' Ndiyo maana niliililia kazi hii."

Kikombe cha Mwalimu kilibaki hewani. Amangeldi alikuwa mtu wa Torgai wa ukoo wa Wakypchak, na marehemu mume wake alikuwa Mkypchak wa Torgai hiyo hiyo. Kwa Wakazaki, watu ambao mababu saba wa upande wa baba hawajawatenganisha ni kaka na dada. Hawaoani, hata wangependana vipi.

Alimwita mwanawe jikoni, akafunga mlango.

"Umesikia?"

"Mama, yale ni maneno ya yatima. Mtoto wa miaka minne anajua nini?"

"Mtoto wa miaka minne anamjua ndugu yake. Labda alikumbuka kitu ambacho hakuweza kukieleza. Unaweza kuniapia kwamba babu yake si ndugu wa babu yako?"

Medet hakuweza.

"Basi usimguse yule binti mpaka ujue."

Alimsindikiza Kamshat kwao kimya. Kwenye basi alisimama wakati kiti kando yake kilikuwa kitupu. Mlangoni alisema "Lala salama" akageuka kabla hajajibiwa. Kesho yake hakupiga simu. Wala keshokutwa.

Siku ya tatu Kamshat, amekaa juu ya farasi na kitambaa cha kupakia nta mkononi, alimeza kiburi akampigia yeye. Ilipokelewa na sauti ya kike, nyororo, yenye haraka. Alikuwa Gaukhar, mwimbaji aliyefanya kazi na Medet kwenye harusi, na alidhani anaongea na mteja.

"Medet hayupo, dada. Kaniachia simu hii ya kazi. Yuko Torgai."

"Torgai? Kufuata nini?"

"Mambo ya ndoa yake. Amekwenda kukaa na wazee wa ukoo. Si unajua kwao, bila wazee kukubali hakuna kuoa."

"Anaoa lini?"

"Mh! Akirudi na jibu zuri, hata mwezi ujao. Wewe harusi yako ni tarehe ngapi?"

Kamshat alikata simu. Akakaa pale juu akiwatazama watu wakipita na mikoba ya sokoni, wanafunzi, mama mmoja na kigari cha mtoto. Ikamjia picha yote. Mwalimu hakumtaka mjukuu wa yatima asiye na ukoo, na mwanawe amekwenda kwao kutafutiwa msichana mwenye mababu kamili. Alifuta namba. Akachovya kitambaa kwenye nta, akarudi kazini, na siku ile alimpaka farasi kwa nguvu mpaka fundi mwenzake akamuuliza kama anataka kumtoboa.

Siku ya nane Medet alitokea bustanini. Hakuwa na suti. Alivaa koti la ngozi lenye vumbi la safari, ndevu zimeota, macho mekundu.

"Kamshat! Shuka tuongee."

"Nina kazi."

"Basi napanda."

"Ngazi ni ya mafundi. Ukianguka nitaandikwa mimi."

Alipanda hivyo hivyo, akishikilia vyuma kwa mikono miwili, maana aliogopa kuwa juu. Alipofika juu alikuwa amepauka.

"Hongera kwa ndoa," Kamshat alisema bila kugeuka.

"Ndoa gani?"

"Ya Torgai. Msichana wamempata? Ana mababu wangapi, saba au wamekuongezea wa nane?"

"Nani kakuambia mimi nimetafuta msichana?"

"Aliyepokea simu yako."

"Gaukhar!" Medet alijipiga paji la uso, kidogo ateleze, akamkumbatia Amangeldi kiunoni. "Kamshat, nilikwenda kumtafuta babu yako."

Brashi ikasimama.

Akamweleza yote: maneno ya jikoni, gari moshi, safari ya nyikani, mzee anayetunza kitabu cha nasaba aliyekifungua mbele yake ukurasa baada ya ukurasa. "Hakuna Tursyn mle. Nikamuuliza jina la zamani, nikakumbuka kwamba hata wewe hulijui. Mzee akaniambia, mtoto aliyepotezwa na njaa haandikwi, maana hakuna aliyebaki wa kumwandika. Nimerudi mikono mitupu."

Kamshat aligeuka sasa, na macho yake yalikuwa yanawaka.

"Yaani umejua kwa siku nane kwamba huenda mimi ni dada yako, ukaniacha hapa nasugua kwato?"

"Niliogopa."

"Wewe? Unasimama mbele ya watu mia tano unawachezesha kama vikaragosi, unaogopa mtu mmoja?"

"Wale mia tano siwapendi."

Kamshat akaweka brashi chini. Chini, mzee mmoja aliyekuwa akicheza chesi bustanini aliinua kichwa akawaambia kwa sauti kubwa kwamba kama wanagombana wagombane taratibu, anafikiria hatua yake.

"Ungeniambia," Kamshat alisema, sauti imeshuka. "Hilo ndilo linaloniuma. Si ukoo. Mimi nimeishi bila ukoo maisha yangu yote, nisingekufa. Ungesema, 'Kamshat, kuna hili,' tungelibeba wawili."

"Nimekosa. Na sasa nasema. Kuna njia moja imebaki." Akameza mate. "Kipimo cha vinasaba. Mimi na baba yako. Kinafuata damu ya baba, kizazi kwa kizazi, hata majina yakiwa yamepotea. Watu wengi wa kwetu wanatafutana hivyo siku hizi."

Kamshat aliitazama milima kwa mbali, theluji mpya imeshika vilele.

"Sharti langu moja," akasema. "Jibu likija, hatulikimbii. Likiwa baya wewe ni kaka yangu, na nitakuja kucheza kwenye harusi yako. Sitaki kusikia habari za kutoroka."

"Hata likinivunja?"

"Litatuvunja sote. Kubali."

Akakubali.

Mzee Zholdas alikuwa mgumu zaidi. Alikigeuza kichupa cha plastiki cha kutemea mate ya kipimo kama mtu aliyepewa sarafu bandia.

"Miaka sitini na mbili nimeishi bila ukoo. Nimeendesha tramu, nimeoa, nimezika mke, nimesomesha mtoto. Leo mate yangu ndiyo yaniambie mimi ni nani?"

"Baba, tema tu."

"Na yakisema mimi ni Mturuki?"

"Utakuwa Mturuki anayependa matufaha. Tema."

Akatema. Kisha akafunga kichupa kwa uangalifu mkubwa, akakishika muda mrefu kabla ya kukitoa.

Wakasubiri wiki tano. Kila alasiri Medet alikuja bustanini, wakakaa benchi moja, mkoba wa Kamshat ukiwa katikati yao. Hawakushikana mikono. Simu za jioni ziliendelea, ila neno "roho yangu" halikutamkwa. Siku nyingine walichekeshana mpaka wakasahau. Siku nyingine walikaa kimya, wakiangalia mafundi wakishusha jukwaa kipande baada ya kipande, mpaka mpanda farasi akabaki peke yake juu ya itale, safi, mweusi wa kung'aa, anga lote nyuma yake.

Wiki ya nne Mwalimu Rabiga alikuja bustanini mwenyewe, peke yake, amevaa koti la sufu la kijivu na kilemba cha hariri. Kamshat alisimama upesi.

"Kaa, binti yangu. Unanichukia?"

"Hapana, Mwalimu. Nilikuchukia siku tano tu, tena kwa kosa la mwingine."

Yule mama alicheka kidogo, kisha akavua glavu zake. "Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nilimpenda mtu. Tulikuwa tumeshachagua tarehe. Baba yangu na baba yake wakakaa kuhesabu mababu, wakakutana kwenye wa sita. Wa sita, Kamshat! Alibaki mmoja tu tufike saba. Sikumwona tena. Baadaye nilimpata baba yake Medet, mtu mwema, sijuti. Lakini naijua ile meza wanayohesabia. Nilitaka mwanangu ahesabu kabla ya kuchagua tarehe, si baada."

Kamshat akasogea karibu yake. Akamshika mkono, na Mwalimu akauacha ushikwe.

Jibu lilikuja Alhamisi mchana, kwenye simu ya Medet. Alikuwa kwa mzee Zholdas, wamekaa mezani watatu, supu inapoa. Alilifungua, akalisoma kimoyomoyo, akasimama, akakaa tena.

"Soma!" Kamshat alimpiga teke chini ya meza. "Unataka tufe?"

"Mimi ni Mkypchak, kama ilivyosemwa." Sauti ya mshereheshaji ilikuwa inakatika. "Mzee... wewe ni Mwargyn, ukoo mwingine kabisa. Babu yetu wa pamoja ni wa maelfu ya miaka iliyopita. Sisi si ndugu. Kamshat, sisi si ndugu!"

Mkoba ulikuwa kwenye kiti katikati yao. Kamshat aliusukuma ukaanguka sakafuni, akamkumbatia Medet mbele ya baba yake bila aibu yoyote. Mzee hakuwaona. Alikuwa anarudia neno moja polepole, kama anayejaribu jino jipya.

"Mwargyn. Mimi ni Mwargyn."

"Kuna zaidi, mzee," Medet alisema. "Kuna familia moja Torgai, damu yao inakaribiana sana na yako. Wameacha namba."

Mzee Zholdas alifunga vifungo vya shati mpaka shingoni kabla ya kupiga. Upande wa pili alipokea mzee mwenzake, sauti ya mkwaruzo, mbwa wakibweka nyuma yake. Walisalimiana, wakaulizana afya, mifugo na hali ya hewa. Kisha Zholdas akaeleza habari ya mtoto wa miaka minne.

Upande wa pili mbwa wakafukuzwa, mlango ukafungwa.

"Babu yangu," sauti ile ilisema, "kila alipowahesabu wadogo zake alifika kwa wa mwisho akanyamaza. Tulidhani amekufa njiani. Alikuwa anaitwa Yelubai. Wewe ni wa Yelubai?"

"Mimi ni mwanawe," Zholdas alisema, akalia kama mtoto, kichwa kimelala kando ya bakuli la supu.

Baadaye, alipokwisha kunawa uso, alicheka peke yake. "Yaani baba yangu maskini alikuwa anamsalimia mtu baki miaka yote ile! Tena kwa koti zuri!"

"Si mtu baki, baba," Kamshat alimjibu. "Alikuwa mtu wa Torgai. Hakuwa na mwingine wa kumsalimia."

Jumapili iliyofuata Mwalimu Rabiga alikuja na dada zake wawili na Medet nyuma yao, suti nyeusi, amebeba sahani ya pipi kama mtoto aliyetumwa. Kwa desturi ni mama wa mume anayeweka posa, na anaiweka masikioni. Alitoa kisanduku chenye hereni za fedha zenye jiwe jekundu, za mama mkwe wake. Medet alijaribu kutoa hotuba.

"Wageni waalikwa, mabibi na mabwana..."

"Nyamaza, mpenzi," Kamshat alisema. "Leo hujaajiriwa."

Dada za Mwalimu wakacheka. Mwalimu alivaa miwani, akashika sikio la kushoto la mkwewe, akaangalia, akaangalia tena.

"Tundu limeziba."

"Sivai hereni kazini. Zinanasa kwenye vyuma."

"Sasa nifanyeje? Itauma."

Kamshat aliweka nywele zake kando, akafumba macho.

"Sukuma tu, mama."